Posho ya Jike wa Kijivu

Kazi yangu ilikuwa kuwapikia mbwa. Usicheke. Mtu aliyeacha shule darasa la saba akiota kuwa daktari wa wanyama, ukimpa sufuria, matumbo ya ng'ombe na mbwa kumi na wawili wa kambi ya jeshi, anaona ameshafika. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Mengo kwa miguu nikipiga mluzi.

Halafu akaja kapteni mpya. Alisikia kwa mzungu mmoja kwamba mbwa wote wametokana na mbwa mwitu wa nchi za baridi, damu ni ileile. Akatusimamisha, mimi na sajini mzee aliyewafunza wale mbwa tangu wakinyonya.

"Ndani ya hawa mbwa mwitu amelala tu," akasema. "Tutamwamsha. Posho hakuna tena. Njaa na kiboko."

"Afande, wataharibika," sajini akajibu.

Kapteni akamzaba kofi, kofia ikaruka. Mzee akaiokota, akaivaa, akapiga saluti.

Wiki mbili askari waliwachapa mbwa kwa waya mpaka manyoya yakabanduka na ngozi. Dume mmoja alijitafuna mkia. Mimi nikashindwa kuvumilia. Kulikuwa na jike wa kijivu, mimba yake imefika mwisho, tumbo linaburuzika chini. Huyo nilimfichia tonge la posho, ugali wetu wa mahindi, ndani ya shati kila siku, nikamlisha kwa mkono kwenye tundu la ua wa senyenge.

"Kula, mama," nilimwambia. "Ila usinitangaze."

Siku ya jaribio wakaleta mwanamume kwenye uwanja wa mpira, eti ameiba redio Kansanga. Wakamfungua kamba.

"Mbwa asiyeuma leo, risasi," kapteni akasema. Kisha akamgeukia yule mtu. "We, kimbia!"

Akakimbia. Mbwa kumi na mmoja walimfikia kabla ya goli. Alimwita mama yake mara moja, kisha nikasikia nguo na nyama zikichanika. Nilifumba macho. Nilipofumbua, jike wa kijivu alikuwa ameketi miguuni pangu, ananusa shati langu.

"Mpishi, kuja hapa," kapteni akaita.

Akaja mwenyewe, akatia mkono kifuani pangu, akatoa tonge. Lilikuwa bado la moto.

"Kumbe ni wewe unamlaza mbwa mwitu wangu!"

Akampiga jike risasi ya kichwa palepale, damu ikanijaa kiatuni. Mimi nikapata kitako cha bunduki, meno mawili yakaenda.

Sajini akasaidiana nami kumburuta yule jike hadi nyuma ya jiko tumzike. Nilikuwa nalia na kutema damu. Jembe lilikuwa mkononi nilipoona tumbo lake linacheza.

"Mzee, tazama!"

Akachomoa kisu, akapasua.

"Yule mzungu hakukosea," akaninong'oneza huku akikata. "Ila kapteni hakuuliza mbwa mwitu anaishi vipi. Anaishi na kundi lake. Wale kumi na mmoja ni wendawazimu tu. Huyu peke yake alibaki na damu ile, akarudi kwenye kundi."

"Kundi gani, mzee?"

"Si wewe hapo, na posho yako?"

Watoto watatu walikuwa wamekufa. Wa nne nilimfuta pua, nikampulizia mdomoni kwa mdomo wangu uliovunjika, mara nne, mara tano, akapiga chafya. Nikamtia ndani ya shati, pale pa tonge, nikapita lango la kambi nikipiga mluzi. Bila yale meno mawili ulitoka upepo mtupu.