Jasiri, Mbwa Aliyeogopa Hata Kuku

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, maana siku hiyo nilikaa chini kwenye vumbi la kituo cha basi cha Kwa Mathias, pembeni ya Barabara ya Morogoro, na kitenge changu cha kanisani, watu wamenizunguka kama wanatazama ajali. Na sababu yake ni mbwa. Tena mbwa ambaye hakuwa hata wangu.

Umenijia unalia kwamba mtoto wa marehemu kaka yako, uliyemchukua umlee, hakusemeshi wala hakutazami usoni. Nimekusikia. Simfananishi mtoto na mbwa, usinielewe vibaya. Lakini kaa nikueleze.

Mbwa aliletwa na Upendo, binti wa marehemu mdogo wangu. Yeye na wenzake wanaokota mbwa waliotupwa, wanawatibu, wanawachanja, halafu wanawatafutia watu wa kuwachukua. Huyu walimtoa kwenye jumba ambalo halijaisha kujengwa. Alizaliwa humo, akakulia humo amefungiwa, hajui watu, hajui barabara, hajui hata majani. Kwa akina Upendo kulikuwa kumejaa.

"Mama mkubwa, kaa naye kidogo tu, mpaka apate mwenyewe."

Kidogo tu! Vijana neno hilo mnalipenda sana.

Wakampa jina Jasiri. Jasiri gani, anayekimbia kuku? Alishuka kwenye bajaji akaenda moja kwa moja nyuma ya tanki la maji, akajibana huko. Nikampikia ugali na dagaa, hagusi mpaka niingie ndani na kufunga mlango. Nikifagia, anatetemeka. Nikikohoa, anajikojolea. Mimi nimepika shule ya bweni maisha yangu yote, watoto wakinisikia kwa mbali wananyoosha mstari. Lakini sikuzoea kiumbe kuniogopa hivyo kwenye uwanja wangu mwenyewe, nami ndiye ninayemlisha. Iliniudhi, sikufichi.

Basi nikaacha kumbembeleza. Kila asubuhi natoa kigoda, nampa mgongo, nachagua mchele na kulalamika. Nalalamikia maji yaliyokatika, goti langu, wanakwaya wanaochelewa mazoezi, na yeye mwenyewe. "Mbwa gani wewe, umeletwa kunizeesha." Sikuwa namsemesha, nilikuwa naongea kama kawaida yangu. Baada ya muda nikaona pua imechungulia pembeni ya tanki. Baadaye kichwa. Kisha asubuhi moja nikahisi pumzi kwenye kisigino. Moyo ulinienda mbio kama msichana, lakini sikugeuka. Nikaendelea kuzilaani chuya.

Taabu ikawa Elia, kijana wangu wa kumzaa. Elia anaendesha bodaboda, na kwake kila kitu ni haraka. Upendo alipiga simu kwamba kuna mama wa Chole, kule Kisarawe, anatafuta mbwa, na Jumapili atakuja kumwona. Elia akasema, "Mama, akijificha hivi nani atamchukua? Inabidi azoee watu." Nikamwambia, mwache. Nikaenda kanisani. Nyuma yangu akamfunga kamba, akampeleka Kwa Mathias, katikati ya mabasi na wapiga debe, azoee watu wote mara moja!

Natoka ibadani, nakuta umati. Basi lilikuwa limepiga honi, mbwa akakata kamba, akajitupa chini ya lori lililoegeshwa. Mtu mmoja akajaribu kumvuta mguu, akaonyeshwa meno. Ikawa kelele: "Mbwa kichaa! Mbwa kichaa!" Wengine wameshaokota mawe. Dereva ameshapanda, anawasha gari. Elia amesimama, jasho linamtoka.

"Mama, nilitaka tu azoee."

"Nyamaza. Mwambie dereva azime gari." Kisha nikawageukia wenye mawe. "Mbwa kachanjwa, na ni wangu. Anayetaka kurusha aanze na mimi."

Nilipomaliza kujitapa, sikujua la kufanya. Nimwite? Hajawahi kuitika. Nimvute? Si ndiko kuvutwa kulikotufikisha pale? Nikakaa chini, nikaligeuzia lori mgongo, nikaanza kulalamika. Nikamlalamikia Elia, nikawalalamikia wapiga debe, nikalalamikia goti, na wale waliotoa simu kunirekodi badala ya kunipa maji. Watu wakaanza kucheka, na walipocheka hasira zikawaishia. Muuza chipsi mmoja akawarudisha nyuma: "Mpeni mama nafasi." Nililalamika mpaka koo likakauka, na huku nyuma kimya. Nikawaza, amekufa kwa hofu. Nikaendelea hivyo hivyo.

Ndipo nikahisi kidevu kwenye paja langu. Kinatetemeka, kimejaa grisi. Nikashika kipande cha kamba kilichobaki shingoni mwake, tukaondoka taratibu, mimi bado nalalamika.

Nyumbani tukamkuta barazani yule mama wa Chole, Bi Mwanahawa, mjane anayelima mihogo, nguruwe pori wanammalizia shamba. Akaniamkia, nikamweleza yote, meno na mawe, nikijua ataaga aondoke. Nikamuuliza, "Mwoga kama huyu atakusaidia nini?"

"Abweke tu, mama. Kufukuza nitafukuza mwenyewe." Kisha akasema, "Mimi Mwislamu, ndani hataingia, na chombo chake kitakuwa chake. Nitamjengea banda karibu na jiko. Ila kwangu hapigwi."

Hakumwita mbwa, wala hakumtazama. Akajivutia ungo, akanisaidia kuchambua mchicha, akawasema wale nguruwe pori mpaka nikacheka. Alirudi tena na tena, kila mara hivyo hivyo, hadi Jasiri akawa anamfuata mwenyewe mpaka kwenye geti. Siku ya kumchukua nilikasirika sana, mwanangu, kwa sababu nililia, nami nilikuwa nimemsubiri mtu wa kumwondoa tangu siku ya kwanza. Baadaye Bi Mwanahawa akanipigia simu: "Mama, amebweka! Nguruwe wamekimbia, na yeye amekimbia upande mwingine!"

Sasa nisikilize. Mtoto huyo amezika baba, amehamishwa nyumba, na wewe unamkazia macho ukidai akupende leo. Acha. Pika chakula chako, fua nguo zako, piga simu zako, imba, nuna, awe anaisikia sauti yako kila siku bila kudaiwa jibu. Akikusogelea, usirukie kumkumbatia. Mashangazi wakija na maneno yao ya kumzoesha haraka, simama mbele ya mlango wake uwazuie, hata kama wamekuzidi umri. Na siku utakayochoka, njoo uchokee hapa kwangu, usimchokee mtoto.

Mungu aibariki nyumba yako na wote waliomo. Akuongezee uvumilivu pale wako utakapoisha. Na siku mtoto huyo atakapokuita mama, Mungu akupe nguvu ya kuitika kama kawaida tu, halafu uende jikoni ukalie.