Paja la Kushoto la Alwyn Pascoe

Alwyn Pascoe alimaliza kupigilia kigingi cha mwisho cha hema lake jioni ya Ijumaa Kuu, akainuka kwa awamu, mkono kiunoni, akautazama uwanja wa Bellwood ukijaa watu. Mwaka mzima ni malisho ya kondoo. Pasaka ikifika, mwenye shamba huwahamishia kondoo wake ng'ambo ya kijito, na watu wazima na akili zao huja kutoka kila pembe ya New South Wales, wakavaa kanzu za sufu na viatu vya ngozi, wakalala kwenye mahema ya turubai, na kupigana kama walivyopigana watu wa Ulaya miaka mia sita iliyopita. Kondoo huhamishwa, mavi yao hayahamishwi.

"Mzee, mbona hema limeinama hivyo? Limelewa?" Tibor Halasz alimuuliza. Alikuwa amejitwika gogo la kuni na tumbo lake limemtangulia kama kawaida.

"Limekuona wewe unakuja, likataka kukimbia."

"Afadhali. Mwaka jana liliniangukia nikiwa nimeshika uji wangu."

Kwa zaidi ya miaka ishirini mahema yao yamekuwa yakikaa ubavu kwa ubavu. Tibor ni mchomeleaji vyuma, na kofia ya chuma ya Alwyn ameitengeneza yeye kwa mikono yake, na humsimanga nayo kila mwaka kwamba kichwa chenyewe hakistahili. Glenys, mke wa Alwyn, alikuwa amekwisha kulifunika sanduku la barafu kwa ngozi ya kondoo, maana plastiki hairuhusiwi kuonekana, na kahawa ilikuwa imemiminwa kwenye vikombe vya udongo ili ionekane kitu kingine. Kila mtu anajua ni kahawa. Hakuna anayesema.

Siku za kazi Alwyn hutengeneza mashine za kufulia nguo mjini Albury. Hulala chali kwenye sakafu za watu, mkono umezama ndani ya mashine, akitoa soksi na sarafu, na mwenye nyumba humwita "bwana wa mashine" mpaka anapoondoka. Bellwood hali ni nyingine. Bellwood anajulikana, na anajulikana kwa jambo moja: Alwyn hufa vizuri.

Mchezo wenyewe hauna mtu wa kuhesabu mapigo. Wanapigana kwa fimbo za henzirani, nene kama mpini wa jembe, na anayepigwa ndiye anayesema kama pigo limemwingia. Likikuingia mguuni, unapiga magoti na kuendelea hapo hapo chini. Likikuingia kichwani au kifuani, umekufa, lala. Mwamuzi yupo, lakini kazi yake ni kuangalia mtu asivunjike shingo. Na ni mwiko mkubwa kumwambia mwenzako kwamba umempiga. Unapiga, unangoja, yeye ndiye anayejua. Mtu anayepigwa akasimama tu kama hakuguswa huitwa kifaru, kwa sababu ya ngozi yake, na jina hilo likishakuganda, huna tena wa kupigana naye wala wa kula naye.

Alwyn hakuwahi kupigwa akasimama. Wageni walipokuja kujifunza walipelekwa kwake, na somo lake la kwanza halikuwa kupiga. Lilikuwa kuanguka.

Lakini mwaka huu alikuja na jambo moyoni. Mwezi Februari daktari wa sukari alimlaza kitandani, akamwambia afumbe macho, aseme "ndiyo" kila atakapohisi kuchomwa na kijiti. Alwyn akafumba, akangoja.

"Ukianza niambie," alisema.

"Nimeshamaliza," daktari alijibu.

Ulikuwa mguu wa kushoto, kuanzia vidoleni hadi juu ya paja. Ganzi tupu. Glenys alijua habari za nyayo tu, kwa hiyo akawa anamkagulia kila jioni kama kuna kidonda. Habari ya paja Alwyn aliimeza. Alijua mwamuzi akisikia, siku hiyo hiyo atamvua ngao, kwa sababu mtu asiyehisi pigo hawezi kupigana mchezo ambao mwenye kuhisi ndiye hakimu. Alijipigia hesabu zake mwenyewe: atasikiliza mlio wa fimbo kwenye ngozi ya kinga, atayatazama macho ya mpinzani. Atajikaza. Mtu akikipenda kitu sana huwa mjinga kwa makusudi, na Alwyn alikipenda kitu hiki kuliko alivyowahi kumwambia hata mkewe.

Jumamosi asubuhi mbinu yake ilimtia aibu ya kuchekesha. Katika fujo ya kwanza alisikia mlio wa pigo upande wa kushoto, akapiga magoti haraka kama mtu aliyeitwa kusali. Fimbo ilikuwa imetua kwenye ngao ya jirani yake.

"Alwyn, bwana, umechoka mapema hivyo?" jirani alimuuliza, na watu wakacheka, naye akacheka nao. Kuanzia hapo akawa mwangalifu asipige magoti ovyo.

Mchana alikutana na Shontelle. Shontelle ni fundi bomba, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye mabega mapana na maneno machache, na kwa mwaka mzima Alwyn ndiye aliyekuwa akimfundisha kila Jumamosi. Walizungukana. Shontelle alipitisha fimbo chini ya ngao ya Alwyn, kisha akasita kidogo, jinsi mtu anavyosita akingoja jibu. Alwyn alikuona kule kusita akadhani ni woga. Akamgonga kofia, Shontelle akalala. Walirudia, ikawa vile vile, na mara ya mwisho Shontelle alipoinuka hakumtazama.

"Asante, mwalimu," alisema, akaenda kunywa maji.

Jioni, wakati supu ya shayiri na kondoo ikitokota, Alwyn aliona kuwa watu wawili waliokuwa wakiongea karibu na moto walinyamaza alipofika. Mmoja akaanza kusifia supu ambayo alikuwa hajaionja. Shontelle hakuja kula. Tibor alipiga porojo kuliko siku zote, mzaha juu ya mzaha, kama mtu anayejaribu kuzima moto kwa kuumwagia maneno.

Ndani ya hema Glenys aliwasha taa yake ndogo, akapiga magoti kumkagua miguu. Alwyn alivua suruali ya sufu. Glenys akaacha nyayo, akainua taa juu zaidi.

"Na hizi?"

Paja lilikuwa na mabaka meusi na ya zambarau, mengine yamepandana.

"Mapigo tu, mama. Si tulikuwa tunapigana?"

"Leo umepiga magoti mara ngapi?"

Alwyn alihesabu moyoni. Alikuwa amepiga magoti mara moja tu, na mara hiyo moja hakupigwa. Alilitazama paja lake kama paja la mtu mwingine. Kwa miezi miwili alikuwa ameogopa kwamba huenda litapita pigo moja au mawili. Hayakuwa moja wala mawili.

"Huhisi hapa," Glenys alisema. Alibonya kwa kidole gumba, akabonya tena kwa nguvu. "Alwyn. Huhisi."

"Sihisi."

Glenys alikaa kitako kwenye mkeka. Hakumfokea, na Alwyn aliona kuwa angependelea afokewe.

"Wanasema wewe ni kifaru," alisema hatimaye. "Nimewasikia kwenye foleni ya maji. Nikawajibu vibaya. Nikawaambia mume wangu si mtu wa hivyo."

"Kesho nitamwambia mwamuzi."

"Kabla ya pambano au baada yake?"

"Glenys, nipe pambano moja. La mwisho. Sitamdhuru mtu."

"Unajidhuru wewe," alisema, akaizima taa. Baadaye kidogo alimfunika blanketi, kwa hiyo Alwyn alijua kwamba amekasirika lakini hajamtupa.

Jumapili ya Pasaka kulikuwa na ukungu hadi saa tatu, halafu jua likatoka jeupe na baridi. Pambano kuu hupangwa kwa kura, nusu kwa nusu, na kura iliwatenganisha Alwyn na Tibor. Hilo halikuwahi kutokea.

"Basi leo nitakichakaza chuma changu mwenyewe," Tibor alisema, akigonga kofia ya Alwyn kwa kiganja.

"Ukikifikia."

Mistari miwili ya ngao ilikutana katikati ya uwanja kwa kishindo. Alwyn alipigana vizuri. Hata waliokuwa wakimnung'unikia walikiri baadaye kwamba alipigana vizuri, kwa mikono iliyotulia, bila papara. Alikuwa na furaha, na hakuona haya kuwa na furaha, maana alijua ni mara ya mwisho. Watu walianguka kulia na kushoto, mistari ikakatika, na mbele yake akabaki Tibor anahema.

Tibor alipiga. Alwyn aliiona fimbo ikishuka, ikapotea chini ya ukingo wa ngao yake. Hakusikia mlio wowote, maana uwanja mzima ulikuwa ukilia chuma. Alisimama.

Tibor naye alisimama. Alingoja. Kupitia matundu ya kofia Alwyn aliyaona macho yake, na hayakuwa na mzaha hata kidogo.

Halafu Tibor aliachia fimbo, akapiga ukelele, akaanguka chali kama gunia la viazi.

Alwyn hakuwa amemgusa. Fimbo yake ilikuwa bado begani. Ilimchukua pumzi mbili tatu kuelewa, na alipoelewa akaishusha fimbo. Rafiki yake alikuwa amempiga, akamwona hasemi, akaamini yale yanayosemwa kando ya moto. Na badala ya kumwacha aaibike mbele ya watu, amejifanya mfu. Alwyn alikuwa amejiandaa kuitwa mwongo, lakini hakuwa amejiandaa kwamba kuna mtu atasema uongo kwa ajili yake.

"Simama!" alipaza sauti.

Neno hilo husemwa mtu akiumia, na anayelisikia hulirudia. Likapita mdomo hadi mdomo mpaka uwanja wote ukanyamaza, kila aliye hai akainama goti moja, wafu wakainua vichwa kutoka nyasini. Alwyn alivua kofia. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso.

"Nimepigwa," alisema. "Sasa hivi nimepigwa, na jana nilipigwa mara nyingi. Paja langu la kushoto halina hisia. Ni sukari. Nilijua tangu Februari, nikaja hivyo hivyo, nikanyamaza. Yeyote aliyenipiga nikabaki nimesimama, hakukosea. Nilikosea mimi."

Mwamuzi, mama wa makamo anayeitwa Rosalind, alikuja akiburuta fimbo yake ya njano.

"Alwyn, unajua siwezi kukuacha uendelee."

"Najua. Ndiyo sababu nilinyamaza."

"Leo na siku nyingine zote."

"Hata hilo najua, Rosalind."

Tibor, bado chali, aliinua mkono mmoja. "Mimi nauliza tu. Nimekufa au sijafa?"

"Hujafa," Alwyn alisema. "Inuka, mwongo mkubwa wee."

"Basi tuko wawili." Tibor aliinuka, akapangusa nyasi, kisha akasogea karibu na kuongea kwa sauti ya chini. "Ungeniambia, bwana. Miaka yote hii tunalala tunasikilizana mikoromo, unashindwa kuniambia paja?"

"Ningekuambia, ungenizuia nisije."

"Ningekuzuia nini? Ningesimama kushoto kwako nikuambie kila ukipigwa."

Kwa sheria hilo nalo halikubaliki, na wote wawili walijua. Alwyn alimshika Tibor mkono wenye glavu ya chuma, akautikisa tu. Pale kwenye kamba ya watazamaji alimwona Glenys amesimama na kikombe cha udongo mikononi, hanywi.

Rosalind alikuwa akijiandaa kuanzisha tena pambano pale mtu mmoja alipotoka katikati ya wafu na kuja kwao, kofia kwapani. Alikuwa Shontelle. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Jana," alisema. "Jana nilikupiga?"

"Mimi siwezi kujua, Shontelle. Wewe unasemaje?"

"Nilikuwa na hakika. Halafu ukasimama, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayepigwa hadanganyi. Kwa hiyo nikaona ni mimi. Mkono wangu hauna kitu. Usiku nimefunga vitu vyangu vyote, viko ndani ya gari. Nilikuwa niondoke baada ya hili, nisirudi."

Alwyn aliogopa mengi miezi ile miwili. Aliliogopa jina lake, akauogopa uwanja, akaogopa Jumamosi zitakazobaki tupu. Hili halikumpitia akilini hata mara moja, na lilimuuma kuliko yale yote. Alikuwa amesimama pale mbele ya mwanafunzi wake, saa nzima ya mchana, akimfundisha asiuamini mkono wake.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Tatu," alirudia, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mahema. "Zote nzuri?"

"Ya kwanza ilikuwa nyepesi," alisema Shontelle, maana ni mkweli. "Mbili zilikuwa nzuri."

Alwyn aliweka ngao chini, akaweka fimbo juu yake, akamshika Tibor bega, na polepole, goti la kulia kwanza kisha lile la kushoto ambalo ilibidi alisukume kwa mkono, akapiga magoti mbele ya Shontelle kama sheria inavyomtaka mtu aliyepigwa mguuni.