Kuku wa Wakwe Ndani ya Friza

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kitale mwanzoni mwa miaka ya themanini, mkuu wangu hakuniuliza hata natoka wapi. Alikuwa Afisa wa Lishe, mama mnene mwenye sauti ya chini, na aliniwekea mezani kipande cha nyama kilichotoka kwenye friji. Akauliza nitamshauri nini mama ambaye stima imepotea na nyama yake imeanza kuyeyuka. Nikajibu kwa madaha kwamba aitupe.

"Nenda Kachibora ukamwambie mama atupe nyama," akasema. "Ukirudi na kichwa chako, tutaendelea na somo."

Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Bonyeza nyama kwa kidole: ikiwa bado ina barafu ndani, au imelegea ndani ya friji na ingali baridi kama maji yaliyokaa humo, irudishe igande, ingawa itapoteza utamu kidogo. Ukipenda, ipike kwanza, ipoe, kisha ugandishe kitoweo. Lakini nyama iliyolala mezani usiku kucha hairudi. Baridi haiui vijidudu, inavilaza usingizi tu, na baadhi ya sumu vinazoacha hazitoki hata ukichemsha. Pua si kipimo. Hayo niliyasema huko Cherangany mpaka akina mama wakaniita Madam Friji, nami sikukasirika.

Hasira zilianzia Bungoma, nilikohamishiwa miaka ya tisini. Mkuu wa Idara niliyemkuta huko aliona somo langu ni upuzi. Ati niwafundishe watu kupanda mboga, mambo ya friza niwaachie matajiri. Hakutaka kuona kwamba walimu na wafanyakazi wa viwandani walikuwa wananunua friza kwa mkopo, moja inahudumia boma zima, na hakuna aliyewaeleza kitu. Muuzaji alikuwa amewaambia chakula hakiharibiki humo, basi wakaamini.

Kamukuywa kulikuwa na Mama Nafula, mke wa mwalimu. Binti yake Nafula alikuwa ameposwa, na wakwe walitarajiwa kuja kula. Kuku wakachinjwa, wakawekwa kwenye friza. Jioni kabla ya ugeni wakatolewa, wakalala mezani wayeyuke. Asubuhi ikaja habari kwamba baba wa kijana ana shughuli, ngojeni wiki ijayo. Kuku wakarudishwa kwenye friza. Wiki iliyofuata mambo yakawa yale yale: wakatolewa, wakalala mezani, wageni hawakuja, wakarudishwa. Nafula mwenyewe ndiye aliyenieleza, akiwa na wasiwasi.

Nilimwendea mama yake nikamsihi awazike hao kuku, achinje wengine. Uani kuku walikuwa wamejaa. Akanitolea macho.

"Madam, hawa tulichinja kwa jina la wakwe. Nikitupa, ni kama nimetupa ndoa ya mtoto. Tukikula, watasema tulikula chakula ya wageni. Na si wako kwa barafu? Barafu imeua kila kitu."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Nikarudi ofisini kumwomba Mkuu wa Idara twende pamoja, kwa kuwa alikuwa mtu wa huko na wangemsikiliza. Hakuinua hata macho.

"Mambo ya wakwe hayana afisa," akasema. "Ukiwaaibisha watu wangu nitakuhamisha."

Damu ilinichemka. Mtu amepewa ofisi ili watu wasile sumu, halafu anaogopa kumwambia mama amwage kuku!

Safari ya tatu wakwe wakafika, wakapikiwa kuku wale wale. Firigisi alipewa baba wa kijana, kama ilivyo desturi. Kesho yake yeye na ndugu zake walikuwa hospitalini, wanatapika na kuendesha. Walipona, ashukuriwe Mungu, lakini neno lilikuwa limeshatoka: wamewekewa sumu. Posa ikavunjwa. Mama Nafula akajifungia ndani, na Nafula akawa ananyoshewa vidole sokoni. Mkuu wa Idara aliujua ukweli kama nilivyoujua mimi. Nilipomwomba akauseme, alikataa, kwa sababu angeulizwa kwa nini alinyamaza mapema. Yaani maisha ya msichana yaharibike ili bwana mkubwa asiulizwe swali.

Nilikwenda peke yangu Naitiri, kwa baba wa kijana. Nikamweleza yote, kuanzia jioni ya kwanza kuku walipolazwa mezani. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hivyo huyu mama hakutuwekea sumu?"

"Aliwawekea heshima, mzee. Alikataa kugusa kuku wenu hata mlipokosa kuja. Hakujua tu kwamba kuwatoa na kuwarudisha kunawaharibu."

"Sisi ndio tulikuwa tunamngojesha," akasema. "Mwambie achinje wengine. Siku tutakayosema, tutafika."

Walifika. Mimi nilihamishwa kabla ya harusi, kama nilivyoahidiwa. Sasa nimestaafu, na wenzangu wananiambia nisahau. Siwezi. Mkuu yule wa Bungoma alipostaafu aliagwa kwa hotuba ndefu, akasifiwa kwa kuijali jamii, nami nimekaa nyuma nasaga meno. Ninyi mnaoishika kazi hii leo mtaambiwa pia kwamba jikoni kwa watu hakuwahusu. Ingieni hata hivyo, na mkifukuzwa, semeni mkiwa mlangoni.