Mafuta ya Tumbo la Mama Mdogo

Miaka ile ya hamsini nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ndogo ya misioni, nje kidogo ya mji wa Baraka, kando ya ziwa. Nilikuwa na mke na watoto, na watu waliniita munganga, yaani daktari, ingawa munganga wa kweli alikuwa Mbelgiji mmoja mrefu, mwenye maneno machache. Kazi ya kisu ilikuwa yake. Yangu ilikuwa kuchemsha vyombo, kumpa alichotaka, na kupokea alichokitoa.

Mama mdogo, aliyemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, alikuja kwetu kutoka kijiji cha Lweba na mkono wa kuume usioweza kufumba. Aliteleza akiwa na panga shambani, likamkata juu kidogo ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Kidonda kilikaa na usaha muda mrefu, na kilipofunga, ngozi ilikuwa imegandana na kano zilizo chini yake. Akijaribu kukunja vidole, kovu lote lilivutwa ndani, na vidole vikabaki vimenyooka vilevile. Alikuwa mjane. Aliishi kwa mihogo na kwa kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kazi zote hizo alikuwa akizifanya kwa mkono wa kushoto.

Munganga aliutazama mkono huo siku kadhaa. Halafu aliniita ofisini mwake akanieleza. Angeweza kuzibandua kano, lakini akizifunika hivihivi zingegandana tena. Lazima kiwekwe kitu laini katikati, ziteleze juu yake. Kitu hicho kilikuwa mafuta ya mgonjwa mwenyewe, kipande chembamba kutoka tumboni, kwa kuwa mafuta ya mtu mwingine mwili ungeyakataa. Aliwahi kumwona mwalimu wake akifanya hivyo kwao Ulaya. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi.

Kuwaeleza ndugu zangu ilikuwa juu yangu, na hapo ndipo shida ilipoanza. Wakati ule hapakuwa na mtu kando ya ziwa asiyejua habari za batumbula, watu waliosemekana kukamata wapita njia na kuwapeleka kwa wazungu, wakanenepeshwe na kukamuliwa mafuta. Mimi nilikuwa nasema siamini, lakini barabara ya kupanda Fizi sikupenda kuipita peke yangu jua likishazama. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama na mama mdogo, alikuwa shemasi kanisani na mvuvi, mtu asiyependa porojo. Ila alikuwa na rafiki aliyeondoka kwenda Kazimia kwa miguu na hakuonekana tena. Nilipotaja mafuta ya tumbo, uso wake ulibadilika.

Aliniuliza kwa sauti ya chini, "We utakuwa pale ku meza?"

"Ndiyo, mujomba."

"Mafuta yatapita mu mikono yako?"

"Yatapita mu mikono yangu."

"Basi na mi nitakuwa pale. Niyaone yakitoka, niyaone yakirudi mu mwili wake."

Munganga alikataa. Alisema chumba kile si soko. Mama mdogo naye alisema kaka yake asipoingia, yeye halali juu ya meza. Mwishowe mjomba alioshwa mikono, akavishwa koti na kitambaa cha mdomo, akaambiwa asimame ukutani na asiguse chochote.

Tulianza asubuhi. Mama mdogo alichomwa sindano za ganzi mkononi na tumboni, kwa hiyo alikuwa macho, ila pazia dogo lilimzuia kuona. Munganga alifungua kovu akaanza kuzitenga kano moja moja. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyofikiri. Jasho lilikuwa likimtiririka, nami nilikuwa namfuta kila mara. Zilipoachia, alihamia tumboni, chini ya kitovu, akakata. Mama mdogo hakuwa mnene, mafuta yake yalikuwa machache. Munganga alikitoa kipande kizima, cha manjano, akakinyanyua kwa koleo ili anipe.

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya chumvi yaliyochemshwa, yenye uvuguvugu. Kipande kiliponyoka kabla ya kunifikia. Kiligonga ukingo wa meza, kikaanguka sakafuni.

Kisha munganga akasema kwa hasira, bila kuangalia chini, kitupwe, atakata kingine.

Mjomba aliondoka ukutani akasimama mbele ya kile kipande. Alisema hapana mtu atakayekigusa. Alisema imetosha, dada yake ashonwe, waende nyumbani. Munganga alimjibu kwamba mkono uko wazi, kano zinakauka, na kushona bila mafuta ni kumrudisha kwenye kilema kilekile. Mimi nilikuwa katikati yao na mikono iliyooshwa, nisiweze kumshika mjomba wala kumsukuma. Nilimwagia kano maji ya chumvi, maana ndicho pekee nilichoweza kufanya.

Ndipo mama mdogo akauliza nyuma ya pazia ni nini kimeanguka. Nilimwambia kweli.

"Yaya," alimwita kaka yake mkubwa kwa heshima, "huu mwili ni wangu. Okota ile, uishike weye. Munganga, kata ingine."

Mjomba aliinama. Nilimwonyesha kwa kidevu kitambaa safi kilipo, akakifungia humo kile kipande, akarudi ukutani akiwa amekishika kifuani.

Kipande cha pili kilitoka upande wa pili wa kitovu. Safari hii nilileta bakuli hadi chini kabisa ya koleo. Nilikilaza kwenye shashi iliyoloa na kuanza kukitengeneza kama nilivyofundishwa: kukishika pembeni tu bila kukiminya, kukata nyuzi nyekundu na vipande vya ngozi, kukilowesha tena na tena kisikauke. Spiriti haikutakiwa hata tone, ingeyaua mafuta. Kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza, na kila nilichokata kilikipunguza. Macho ya mjomba yalikuwa kwenye vidole vyangu. Nilipomaliza, alisema hata yale mabaki apewe yeye. Munganga alitikisa kichwa kukubali, nikampa. Kisha mafuta yaliingia mkononi, yakatandazwa chini ya ngozi juu ya kano, na munganga akashona. Mjomba alisogea kuangalia mpaka uzi wa mwisho.

Alasiri ileile aliondoka kwa miguu kurudi Lweba na kile kifurushi. Alikizika wapi, hakuniambia, nami sikumwuliza.

Siku zilizofuata ndizo zilizonikondesha. Bandeji ilianza kuloa majimaji ya manjano, yenye kung'aa, kana kwamba mtu ameimwagia mawese mabichi. Mama mdogo alinitazama kila nilipoifungua. Munganga alinong'ona kwamba sehemu ya mafuta imekufa na inayeyuka, na kama usaha utaingia itabidi atoe yote. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, nilikwenda kuunusa mkono ule. Haukunuka. Majimaji yalipungua, yakakoma, na kidonda kikafunga.

Siku mama mdogo alipoambiwa akunje vidole, kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikuja polepole mpaka vikagusana. Cha nne kilifika nusu. Cha mwisho hakikutikisika, na hakikutikisika tena maisha yake yote. Alishika kijiko, kikamwanguka, akakishika tena. Baadaye aliweza kumenya mihogo kwa kisu, ila mchi ulimpa taabu siku zote.

Kabla hajaondoka, munganga alileta kamera, akataka kuupiga picha mkono ule. Mama mdogo aliuliza picha itakaa wapi. Nikamwambia itapelekwa Ulaya, waganga wengine waione.

Aliurudisha mkono ndani ya kitenge chake. "Mwambie asante kwa kazi yake," alisema. "Picha, hapana."

Munganga aliifunga kamera yake, uso umemwiva. Kisha aliuliza kama mama mdogo amekula, akarudi ofisini. Nilimsindikiza mama mdogo hadi barabarani, akiwa amebeba kikapu chake kwa mkono wa kuume.