Nilimlilia wa Kitabuni, Nikamnyima Glasi wa Kwangu

Kosa ni langu. Si la shetani, si la hasira, wala si la kukosa elimu. Ni langu mimi, na nalieleza hapa kwa sababu nyumbani hapana tena wa kumwambia.

Naishi Mishomoroni. Ukoo wetu ni wa siku nyingi hapa pwani, na tangu utotoni nilifunzwa kwamba sisi ni waungwana na Wagiriama ni "Wanyika". Neno hilo nililinyonya pamoja na maziwa ya mama. Sikuona kuwa ni tusi.

Mama Kadzo, Mgiriama, alinifulia nguo miaka kumi na sita, kila Jumatano na Jumamosi. Binti yangu Rukia alikulia mgongoni mwake. Lakini chai yake niliitia katika kikombe cha bati kilichochubuka mdomo. Kilitundikwa nje, msumarini, kando ya tangi la maji. Hakuna mwingine aliyekinywea.

Mwenyewe alikuwa akifanya mzaha: "Mama Rukia, kikombe hiki kishanizoea. Hata nikikiita kitakuja chenyewe!"

Nami nikicheka naye. Ole wangu!

Mwaka jana Rukia, aliye kidato cha tatu, alipewa shuleni riwaya kongwe ya Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba, basi kila baada ya Alasiri alinisomea na kunifasiria. Ilikuwa habari ya mpishi mweusi katika nyumba ya Wazungu huko ng'ambo. Aliwalea watoto wao, lakini maji alinywea kopo lililowekwa nje ya mlango, kwa vile waliona weusi wake ni uchafu.

Nililia, wallahi! Nikawaapiza. "Watu gani hawa wasiomcha Mungu?"

Rukia akatazama nje, kule msumarini. "Na kile, Mama?"

"Kile nini? Yule ni Mnyika, mwanangu. Hiyo ni desturi tu. Haya ya kitabuni ndiyo ubaguzi wa rangi."

Alizifunua kurasa za mbele. Kisha akasema, "Usiyamalize machozi, Mama. Mbele kuna mauti."

Nikainuka nikaenda kupika.

Mama Kadzo alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alishatuonya: "Mkiniona natetemeka na jasho lanitoka, sukari imenishuka; nipeni maji ya sukari upesi. Msingoje."

Siku mbili baada ya Rukia kunisomea hayo, Jumamosi mchana, sijamtilia chai bado, Mama Kadzo alianza kutetemeka. Akaketi chini kando ya beseni la nguo, jasho likimtiririka kama aliyemwagiwa maji. "Mama Rukia... sukari."

Rukia alitoka mbio na maji ya sukari. Ameyatia katika glasi ya kabatini, mojawapo ya zile sita za wageni.

"Si hiyo!" nikamzuia. "Tia kwenye kikombe chake!"

"Mama, aanguka!"

"Nimesema kikombe chake!"

Nikatazama msumarini. Hapakuwa na kitu.

"Kiko wapi?"

"Nimekificha. Tangu juzi, siku ile ya kitabu."

Nikamshika mkono. Akavuta, nikavuta. Glasi ikaanguka, ikavunjika. Hata hapo sikushtuka! Niliingia ndani kutafuta kopo lolote, hata la kuogea. Nilipotoka, Mama Kadzo amelala ubavu, meno yameumana, maji hayaingii. Tulimkimbiza hospitali kwa tuktuk. Hakurudi.

Watu niliwaambia sukari ilimshuka ghafla. Ni kweli. Lakini si kweli yote.

Nilikwenda kwao Mama Kadzo, matangani. Dada yake alinitandikia mkeka. Wenzangu wote walikunywa chai kwa vikombe vya plastiki. Mimi nilitafutiwa cha udongo chenye maua, kimoja tu walichokuwa nacho, dada huyo akakisuza mara mbili mbele yangu. "Kunywa, mama. Marehemu alikupenda sana."

Nikanywa.

Rukia sasa anaishi Chaani kwa shangazi yake. Huja mara moja moja, husema "Shikamoo, Mama," akaketi kwa adabu. Nikimwekea chai hufungua mkoba wake, akatoa kikombe kile cha bati, akaimiminia humo. Hanigombezi. Afadhali angenigombeza!

Kitabu aliniachia mezani. Nilimwuliza kiliishaje. Akanijibu, "Waujua mwisho wake, Mama."

Ewe unayesoma haya, inuka utazame nyuma ya nyumba yako. Ukiona kikombe kimetundikwa peke yake, kiingize ndani leo, kioshwe pamoja na vyako, kabla mwenyewe hajaanza kutetemeka. Usiseme ni desturi. Mimi nilisema hivyo. Glasi tano zimo kabatini, safi, na binti yangu hazigusi.