Kupeleka Betri Zilizochoka Eagan

Niliondoka kwa uoga, wala sitajipamba. Jumamosi hiyo asubuhi binti yangu Nafula alisimama mbele ya katoni iliyokuwa kando ya kitanda chake akasema, "Mom, this one is puffy." Betri moja ya laptop ilikuwa imevimba kama andazi. Chini yake zilikuwamo nyingine nyingi, nilizowaomba waumini wa kanisa letu wanipe badala ya kuzitupa. Katoni ya kwanza nilishaituma Kenya, Kitale, kwa mama yangu, mwalimu mstaafu, awape mafundi watengeneze taa za shule. Hii ilikuwa ya pili.

Saa tatu na nusu, Cedar-Riverside, mtaa wetu hapa Minneapolis, Marekani. Lifti ya jengo letu haikosi watu, nikaona haya kupanda nao nimebeba kitu kinachoweza kuwaka. Niliteremka ngazi orofa kumi na moja nikiomba kimoyomoyo. Garini nilifungua madirisha yote manne, baridi ya Novemba ikanikata masikio. Njia nzima nilikuwa nanusa tu kama kuna moshi. Kila taa nyekundu niligeuka kutazama kiti cha nyuma.

Saa nne, Eagan, kwenye ghala linalopokea betri chakavu. Ghala ni refu, halina dirisha hata moja. Alinipokea Papa Janvier, Mkongo anayefanya kazi ya kuchambua betri hapo. Aliishika ile iliyovimba kwa koleo, akaizika kwenye pipa la mchanga.

"Maman, hii ingeunguza nyumba yote. Umefanya bien kuileta."

Kisha akanionyesha bei. Hasira zikanipanda. "Nawaletea mali, halafu nilipe? Si mnatoa madini ya kobalti humo ndani?"

"Tunatoa, maman. Lakini inaenda mbali na kamio, lori kubwa, inasagwa, inachomwa, inaoshwa na dawa kali, na yale maji lazima yasafishwe. Kobalti ya hizi ndogo haifiki bei ya ile kazi. Kama hulipi wewe, atalipa ule anakaa karibu na jalala."

Nikalipa, nimenuna. Halafu nikauliza swali ambalo sikutaka jibu lake: "Na zile zinazopelekwa Afrika?"

"Kwetu usine, kiwanda ya hii kazi, hakuna. Fundi anachagua nzuri, zingine wanachoma ao wanatupa."

Nilirudi garini mikono mitupu. Kitale ilikuwa jioni. Nikapiga simu.

"Mum, ile katoni ya betri, fundi alichukua?"

"Alichagua sita tu, akasema zingine zimekufa. Lakini usijali, siwezi kutupa zawadi yako. Ziko chini ya kitanda changu. Nimezifunika na ile blanketi nzito zisipate unyevu."

"Mum, tafadhali toka nje. Usiziguse."

"Kwani kuna nini?"

Nilimweleza huku na-drive, simu ikiwa kwenye spika. Madirisha nilikuwa nimeyafunga na joto nimeliwasha, lakini hadi Minneapolis niliendelea kunusa. Nilichojifunza Eagan kinaniuma kukiandika: taka yangu ya hapa nimemlipa mtu anayeijua kazi yake aichukue, ileile nilimtumia mama yangu, nikaiita msaada, nikapigiwa makofi kanisani. Kitale hakuna ghala la kumwelekeza mama, wala Papa Janvier. Nilipoegesha gari alikuwa bado kwenye simu, amekaa uani na shali yake, ananiuliza arudi ndani saa ngapi.