Karamu Niliyoitangaza Quionga

Jamani, haya nayasema huku uso nimeuinamisha, maana hata leo nikipita sokoni Quionga wapo wanaoniita Mama Karamu, na jina hilo nilijipachika mwenyewe kwa ulimi wangu.

Askari wetu walikuja kufanya mazoezi kabla ya kupelekwa ng'ambo kulinda amani, wakataka wanakijiji waigize foleni ya chakula cha msaada, ili askari wajifunze kuwalinda watu vurugu zikizuka. Kapteni wao hajui Kiswahili, mkuu wa kijiji kaenda Palma, basi nikajitokeza mimi, muuza vitenge (Kireno changu ni cha kupatana bei tu, lakini watu wote walikuwa wananitazama, ningesemaje sijui?). Kapteni akaeleza, akaeleza, mimi nikadaka neno moja, "festim", nikaona hilo si ndugu yake festa, sherehe?

"Percebeu, dona?" akaniuliza kama nimeelewa.

"Percebi!" nikajibu kwa madaha, nikawageukia wenzangu. "Kuna karamu! Leteni masufuria!"

Mavyaa wangu, Bi Somoe, magoti yanamsumbua, nikamwambia abaki nyumbani, akakataa: "Karamu umeitangaza wewe, mwanangu, nami nikose?" Akaja na sufuria yake kubwa.

Tumejipanga, tunacheka, mara minazini, ta-ta-ta-ta! Sisi tulishawahi kukimbia mlio huo, tukaacha nyumba zikiungua, kwa hiyo hakuna aliyesubiri kuuliza. Masufuria chini, watoto mgongoni, watu wanapiga shahada huku wanakimbia, na wale askari nyuma yetu wanapaza sauti turudi (nani arudi?). Nyuma yangu mtu akaita, "Mwanangu! Mwanangu!" Niliisikia. Niliijua sauti ni ya nani. Sikugeuka.

Nilikuja kusimama mikokoni, matope mpaka kiunoni, nimeuma ushungi nisilie. Kapteni alitufikia akihema, mikono juu, na askari wake mmoja Mmakonde, ambaye tangu mwanzo alikuwa kajificha minazini, akatufasiria: festim ni risasi baridi, zinalia tu, haziui. "Kapteni anasema alimweleza huyu mama, na huyu mama akasema ameelewa."

Watu wote wakanitazama. Hakuna aliyecheka.

Bi Somoe hayupo. Tulimtafuta mpaka adhuhuri, mimi naita huku sauti inakatika, mpaka nikamwona kajikunja chini ya mizizi, kajiziba mdomo kwa viganja viwili asikohoe.

"Wameondoka?" akaninong'oneza.

"Hawakuwapo, mama. Ni mimi. Sikuelewa."

Akanitazama sana. "Nilikuita," akasema. Basi. Hajalirudia tena, na ningependa alirudie, anitukane yaishe.

Siku hizi mtu akinisemesha Kireno, hata mbele ya soko zima, namwambia sijaelewa, sema tena, na akirudia nisielewe, namwambia tena. Wacheke wanaocheka. Maana mimi nimeshajua nikitishika huwa nakimbiaje, na namwacha nani.